Lupa ya swichi moja: lupu inaruka ikirudi mwanzo, nifanyeje?

solo_wa_mtaa: Wasee habari. Niko na lupa ndogo, yaani pedali ya gitaa inayorekodi kipande unachopiga (lupu) na kukirudia, ile Ditto ya TC Electronic ya swichi moja, nataka kuitumia kwa mazoezi ya benga hapa kwa nyumba juu katikati ya wiki sina mtu wa kunipigia ridhimu. Sasa kila lupu ikirudi mwanzo inaruka kidogo, nikianza solo najipata nje ya taimu, halafu nikiwasha overdrive, ile pedali ya kukwaruza sauti, kila kitu kinakuwa uji. Ni mkono wangu ama ni pedali?

baba_ridhimu: Pedali iko sawa, shughulika na mguu. Watu hukanyaga wakimaliza noti ya mwisho, lakini lupu haiishi hapo, inaishia kwa ile "moja", pigo la kwanza la baa (kipimo cha mapigo manne) inayofuata. Hesabu hadi nne, kanyaga kwa moja, piga baa nne, kanyaga tena kwa moja ya baa ya tano na mkono uendelee kupiga tu kama hakuna kitu kimefanyika, usiusimamishe kabisa, hapo ndipo kale kapengo hutokea. Weka metronomu mapigo 80 kwa dakika, baa nne za mapigo manne zinakuja sekunde 12. Anza bila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), zima nyuzi zote ukwaruze tu chaka chaka, kisha acha lupu na metronomu zikizunguka pamoja. Zikiachana baada ya raundi kadhaa, ujue ulikanyaga mapema ama ulichelewa, futa urudie. Zikishikana ndio uingize kodi za C, F na G.

nyuzi_sita: Na overdrive umeiweka wapi? Kama iko kati ya lupa na ampu basi inakwaruza ridhimu na solo kwa pamoja, lazima iwe uji. Gitaa, overdrive, halafu lupa iwe ya mwisho. Unarekodi ridhimu ikiwa safi, unawasha overdrive, solo peke yake ndio inachafuka.

solo_wa_mtaa: Aisee kweli lupa yangu ndio iko mbele. Nageuza leo jioni. Na adapta, naweza tumia ya rauta? Hiyo ya 9V iko tu hapa imekaa.

nyuzi_sita: Hapana bro, usichomeke! Pedali nyingi za gitaa, hiyo yako ikiwemo, zinataka 9V hasi ikiwa katikati ya plagi na za rauta mara nyingi katikati ni chanya. Shuka Luthuli Avenue, kwa maduka ya elektroniki Nairobi, na hiyo pedali mkononi, soma mchoro wa plagi kabla hujalipa.

binti_wa_benga: Niongeze kitu kuhusu benga yenyewe, maana hapa ndio lupa inanifurahisha sana. Usijaze. Weka besi kwanza kwa dole gumba kwenye nyuzi nene, juu yake ridhimu nyepesi yenye nafasi, basi, safu mbili (rekodi moja juu ya nyingine) zinatosha, na safu ikiharibika shikilia swichi itoke. Solo panda freti ya 8 kwenda juu isigongane na ridhimu. Sikiliza Shirati Jazz, bendi ya benga ya D.O. Misiani, magitaa yanajibizana, hakuna anayemfunika mwenzake. Kwa hivyo piga solo baa nne, nyamaza baa nne uisikilize ridhimu yako vizuri, ingia tena kwa moja. Hizo baa za kunyamaza usiziruke hata kama vidole vinawasha.