Mwongozo wa kutia alama usimulizi: tujuaje kwamba wafaa?

Msomaji_Kibokoni
Asalaam aleikum. Mimi na wenzangu twatia alama ngano tulizorekodi kwa nyanya zetu hapa Mji wa Kale: ipi hadithi ya nje, ipi iliyo ndani yake, wapi msimulizi amebadilika. Shida ilianza pale nyanya alipokuwa akisimulia habari za jini, jini naye akaanza kusimulia yake, mara nyanya akakatiza: "We, funga mlango, paka ataingia!" Mwenzangu aliyahesabu maneno hayo kuwa kiwango kipya cha usimulizi, yaani hadithi nyingine ndani ya hadithi. Mimi niliyaacha nje kabisa. Tukipiga kappa ya Cohen, kile kipimo cha kuona watiaji alama wawili wakubaliana kiasi gani, yatoka namba ya kutia haya. Sasa wengine wataka tukae mezani tupatane kisha tupige upya. Mimi naona huko ni kupika matokeo.

BintKisauni
Kappa iwekeni kando. Yafaa pale maandishi yakiwa yamekatwa vipande mapema. Kwenu kila mtu achagua mwenyewe pa kuanzia na pa kuishia, basi tumieni kipimo kinachotazama mipaka na aina kwa pamoja, kama gamma ya Mathet na wenzake (2015). Mradi wa SANTA kule Ujerumani ulikitumia kulinganisha miongozo 8 ya viwango vya usimulizi.

Maalim_Likoni
Na hawakuishia kwenye kukubaliana tu. Waliuliza pia: mwongozo waibeba nadharia yake sawasawa? Alama zenyewe zamfaa mchambuzi baadaye? Kwa sababu mkiandika sheria kwamba kila sentensi ni kiwango cha kwanza, mtakubaliana nyote na hamtajua lolote. Genette, yule Mfaransa mwananadharia wa usimulizi, alipopanga viwango vyake (1972) mbele yake palikuwa na riwaya ya Proust, si kikao cha nyanya. Lipeni katizo alama yake peke yake.

Msomaji_Kibokoni
Tungefanya hivyo, maalim, ila baadaye nyanya alimtia paka yule yule ndani ya kisa cha jini!

Maalim_Likoni
Haha, fundi huyo. Basi hapo hifadhini alama zote mbili, pamoja na jina la aliyetia kila moja. Si kila tofauti ni uzembe.

BintKisauni
Na mezani kaeni, hamna ubaya, rekebisheni mwongozo. Ubaya ni kupima tena kwa ngano zile zile. Wapeni watu ambao hawakuwapo ngano mpya, pamoja na mwongozo mtupu bila maelezo ya mdomo. Mimi na ndugu yangu tuko tayari Jumamosi, mradi msituletee hiyo ya jini, tushaisikia hapa.