Tupeane uzoefu: mliandaaje kiwanja kabla ya kuchimba msingi?

Mama Swaumu
Habarini wadau. Mimi na mume wangu tumepata kiwanja Chanika, nusu kichaka, kina mikorosho mitatu ya zamani. Mwenzangu anataka fundi aingie mwezi huu huu, hela isije ikaishia kwenye ada za shule. Mimi nasema tusafishe kwanza tuone ardhi yenyewe ikoje. Mliojenga mkiwa wawili, mlianza na nini? Bei acheni, kila mtaa una zake.

Baba Nuru, Kibaha
Kabla hujashika panga, tafuta bikoni zote, yale mawe ya mpaka. Sisi moja haikuonekana. Jirani akasema "ipo hapo hapo kwenye mwarobaini," mimi nikaridhika, wife akagoma. Akaita mpima, na mwenyekiti wa mtaa, na jirani mwenyewe awepo. Bikoni ikafukuliwa ndani ya ua wa jirani! Masikini hata hakujua, naye alinunua akaukuta ua umesimama. Tuliandikishana palepale, muhuri ukagongwa, mpaka leo tunaombana chumvi. Ingekuwa ukuta umeshapanda, tungekutana baraza la ardhi.

Mama Swaumu
Chetu hakijapimwa, Baba Nuru. Mipaka ni minyaa.

Baba Nuru, Kibaha
Basi ndiyo kabisa. Urasimishaji ukija, yaani kupima maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na barabara ikachorwa kupita sebuleni, mtamdai nani? Ulizeni serikali ya mtaa kama kuna ramani ya mipango miji, na muache nafasi ya njia.

Mkulima wa Mkuranga
Mikorosho: msikate mkaishia usawa wa ardhi. Ng'oeni kisiki na mizizi, shimo lijazwe kwa kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kisiki kikibaki chini ya chumba kinaoza, udongo unatitia, sakafu inapasuka, na mchwa wanakaribia mlangoni. Lakini mmoja ulio mbali na msingi uacheni. Mke wangu alinibishia mpaka nikauacha, na saruji, mafundi na sufuria ya ugali vyote viliishi chini yake.

Wa Kitengela
Huku kwetu Kenya shida ni udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mkono unaingia, mvua ikija unavimba na kuinua nyumba. Ilibidi tuuchimbe wote mpaka tufike chini kwenye udongo mgumu, kisha tukajaza maramu, ule udongo wa changarawe. Bwanangu alilia na hesabu ya malori, ikabidi nimpeleke aone nyufa za jirani zilizofika mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Chimbeni shimo moja la majaribio kwanza, mwone kuna nini chini.

Mama Swaumu
Fundi wetu anasema udongo ni mchanga mzuri tu, na kona atapiga kwa macho, ana uzoefu.

Fundi Kamba
Macho yachague samaki sokoni feri. Kona ni 3-4-5: kuanzia kwenye kona, pima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, ncha kwa ncha ije mita 5 kamili. Isipokuja, kona haijanyooka. Halafu pimeni mishazari yote miwili ya nyumba nzima, kona hadi kona ya pili yake, ilingane. Simameni wenyewe mshike futi.

Shangazi wa Goba
Nendeni kiwanjani mvua ikinyesha. Hayo tu. Maji yatawaonyesha yanakopita.

Ila na mimi niulize, mkataba wa mauziano una majina ya nani? Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua umiliki wa pamoja, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba jina moja linatosha.

Mama Swaumu
Una jina la mume wangu peke yake, shangazi. Hakuwa na nia mbaya, siku ile nilikuwa na mtoto kliniki. Ngoja arudi kutoka kazini. Fundi nimeshamwambia asubiri.