Waliowahi kupimwa kisaikolojia au kumpeleka mtoto, tupeane uzoefu

MamaNdogo_Kiamunyi
Hamjambo wana Nakuru na majirani. Jana shemeji yangu alinipigia simu akilia. Mwalimu amemwambia ampeleke mtoto akapimwe, na kwao Njoro habari ilimfikia mama mkwe kabla yeye hajafika nyumbani. Sasa mtoto wa gredi ya tatu anaitwa mgonjwa wa akili na watu wazima. Nimemweleza yetu yalivyokuwa, lakini naona anahitaji kusikia zaidi ya mmoja.

Kijana wangu alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusoma. Shuleni wakasema ni mvivu. Tulianzia kituo cha EARC, vile vituo vya kupima watoto vilivyoanzishwa 1984. Walimpima macho na masikio kwanza, kisha wakanigeukia mimi: mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, aliwahi kupata degedege, alitembea na kuongea lini. Bebeni kitabu cha kliniki na ripoti za shule, maana hapo ndipo kumbukumbu hukukimbia. Mwalimu naye alipewa fomu yake.

Baadaye tukatumwa kwa mwanasaikolojia. Mtoto akaingia peke yake, mimi nikabaki nje. Alipanga vibao vya rangi kufuata picha, akarudia tarakimu mbele na kinyume, akaeleza maana ya maneno, akasoma. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanzoni nilimsikia akijibu kwa furaha, kisha ikaanza: "Sijui." Kimya. "Sijui." Kimya. "Hiyo pia sijui." Jamani, nilisimama nikashika kitasa cha mlango. Nilitaka kumtoa mwanangu pale. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sehemu nyingi za vipimo hivyo huzidi kuwa ngumu makusudi, na mpimaji huendelea mpaka mtoto akosee mara kadhaa mfululizo ndipo aache. Kila mtoto hufika kwenye "sijui", hata yule wa kwanza darasani. Mwambieni kila mzazi jambo hilo kabla hajaketi kwenye lile benchi.

Jibu lilikuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Akili yake haina shida yoyote.

BintiMumias
Hiyo "sijui" dada. Niliisikia nami, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Odhis_Kondele
Mimi nilipimwa kwa ajili ya kazi hapa Kisumu. Kwanza ile ya michoro yenye pengo, unachagua kipande kinachofaa. Inaitwa Raven, haihitaji lugha. Kisha dodoso refu la kweli au si kweli. Kuna sentensi kama "Sijawahi kukasirika hata siku moja." Ndugu zangu, msijifanye malaika. Maswali hayo yamewekwa kuwanasa wanaojipamba.

Kapteni_Lanet
Odhis usiwapoteze watu. Mwajiri anataka mtu mtulivu, jibu kama mtu mtulivu. Mimi nilifanya hivyo na kazi nikapata.

Odhis_Kondele
Ulipata kwa sababu nyingine, Kapteni. Lile dodoso la MMPI-2 lina maswali 567 na vipimo ndani yake vya kuonyesha nani anaficha na nani anatia chumvi. Huwezi kukumbuka uongo wako kuanzia swali la 12 hadi la 500.

Tabibu_wa_Maongezi
Nafanya kazi hii, kwa hiyo niseme machache. Shemeji wa Njoro asimfundishe mtoto maswali. Naona kuna video mtandaoni. Mtoto aliyefunzwa hutoa alama zisizo zake, kisha anakosa msaada anaouhitaji. Amwambie tu: "Utakutana na mtu, mtafanya mafumbo na maswali, mengine rahisi mengine magumu, hakuna kufaulu wala kufeli." Alale mapema, anywe chai, abebe miwani kama anayo. Kama anatumia dawa, aulize kliniki kwanza iwapo anywe siku hiyo au la.

MwalimuMstaafu_Bahati
Kwa heshima, daktari, mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kuona vibao vile atashtuka. Kumwonyesha kidogo kuna ubaya gani? Sisi tuliwaandaa watoto kwa kila mtihani.

Tabibu_wa_Maongezi
Shikamoo mwalimu. Acheze na vibao nyumbani, apange vijiti, ahesabu visoda, sawa kabisa. Ninachokataa ni kumpa maswali yenyewe ya kipimo. Na hofu yako ina msingi: kipimo cha akili cha Wechsler cha watoto, cha miaka 6 hadi 16, wastani wake 100 ulikadiriwa kwa watoto wa nchi nyingine. Thuluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Mpimaji mzuri wa hapa hatazami namba pekee. Hata ikishuka chini ya 70, ni lazima aulize mtoto anajivalisha, anatumwa dukani akarudi na chenji, anacheza na wenzake vipi. Anayekupa namba bila maelezo, mwombe maelezo.

Nekesa_Shinyalu
Nimesoma nikiwa kimya lakini hapo kwenye namba nimeshindwa kunyamaza. Nawaeleza ya mama yangu.

Baba alipofariki, ndugu zangu wawili walitaka kuuza sehemu ya chini ya shamba, ile ya mtoni. Mama akakataa. Baada ya muda wakaanza kusema mama amechanganyikiwa, anasahau, anaongea peke yake. Walimpeleka hospitali moja, mimi nikiwa huku Nakuru bila habari. Akaulizwa kwa Kiingereza na Kiswahili, yeye anayewaza na kuomba kwa Kiisukha. Leo ni tarehe ngapi? Toa 7 kutoka 100, endelea kutoa. Nakili mchoro huu. Mama hakusoma zaidi ya darasa la pili, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Alipata alama chache kati ya 30. Ndugu zangu wakachukua karatasi ile mbio kwa wakili, waombe korti iwape usimamizi wa mali yake kwa kuwa hana akili timamu.

Nilipofika alikuwa ameketi jikoni, hataki kula. Akaniambia, "Nekesa, wameniuliza vitu vya watoto, nikashindwa. Labda ni kweli." Hayo maneno yalinikata maini. Mwanamke aliyetulea kwa jembe, aliyejua deni la kila mtu sokoni Lubao bila daftari, alikuwa ameanza kuamini kwamba yeye si mtu kamili.

Niliomba apimwe upya kwingine. Huyu wa pili alitafuta mtu wa kutafsiri asiye wa ukoo wetu. Akaomba damu ipimwe kwanza, akaomba macho yaangaliwe. Akamuuliza mama mvua za masika zilianza lini, nani amekodi shamba na amelipa kiasi gani, ukipika ugali unaanza na nini. Mama akajibu yote, akamsahihisha mtafsiri mara mbili. Ndipo akamuuliza usingizi, chakula, na tangu mzee aondoke analia mara ngapi. Ripoti ilisema anaweza kuamua mambo yake. Alichokuwa nacho ni sonona, yaani huzuni nzito, iliyotokana na msiba, na kwa wazee sonona huweza kuonekana kama kusahau. Ombi la kortini likaondolewa. Mama amepata matibabu, na shamba lipo.

BintiMumias
Nekesa nimetetemeka. Mkumbatie mama.

Kapteni_Lanet
Hao ndugu bado mnaongea nao?

MwanaWebuye
Pole dada, lakini tusiwahukumu ndugu wote. Baba yangu aliuza ng'ombe kwa bei ya kuku, akamsahau mama yetu kwa jina. Sisi tuliogopa kumpima kwa sababu ya maneno ya watu kama hayo ya "mnataka shamba". Tulichelewa. Wengine hupeleka wazazi kwa upendo.

Nekesa_Shinyalu
Sikusema wote. Nimesema wangu. Usiniwekee maneno kinywani juu ya mama yangu.

MwanaWebuye
Na mimi naongea juu ya baba yangu.

MwalimuMstaafu_Bahati
Watoto wangu, nyote mmelia kwa wazazi wenu. Mzee apimwe, ila kwa lugha yake na mbele ya mtu asiye na haja na shamba. Hapo nyote mwakubaliana.

MamaNdogo_Kiamunyi
Asante mwalimu. Nekesa, ungeanzisha mjadala wako kuhusu wazee, wengi wangeuhitaji. Tumrudie shemeji: amepewa miadi, sasa anauliza ripoti inakwenda kwa nani? Anaogopa ibandikwe shuleni.

Tabibu_wa_Maongezi
Aulize siku ya kwanza kabisa, kabla ya kipimo. Akienda mwenyewe kwa ajili ya mtoto, shule haipati bila ruhusa yake, na anaweza kuomba ipewe mapendekezo tu bila historia ya nyumbani. Korti au mwajiri wakituma mtu, ripoti huenda kwao, na hilo lazima mtu aambiwe mapema. Pia tukisikia hatari kwa maisha hatunyamazi. Kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019: ana haki ya kuona taarifa za mtoto wake. Adai nakala iliyoandikwa na aombe kikao cha kuelezewa, maana kusahihisha huchukua muda na majibu hayatoki siku hiyo hiyo.

ChepLondiani
Mwambie aweke nakala mbili. Sisi tuliitafuta ripoti wakati wa kuomba muda wa ziada wa mtihani, tukakuta panya wamepita.

Kapteni_Lanet
Na mama mkwe asiende naye.

BintiMumias
Aende naye! Akisikia kwa masikio yake atanyamaza. Wangu alinyamaza.

MamaNdogo_Kiamunyi
Nimemtumia yote. Ameuliza kama mtoto anaweza kubeba mwanasesere wake.

Tabibu_wa_Maongezi
Ambebe. Atakaa naye mpaka waanze, kisha atamsubiri kwenye kiti.