Ibada ya nyumbani na watoto wanaokulia ugenini

Wapendwa katika Bwana,

Naomba ushauri wenu. Watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 12, wamechoshwa na ibada ya jioni. Mdogo husinzia, mkubwa hujibu kwa lugha ya shuleni, na baba yao hukasirika. Je, tuendelee kuwashurutisha, au kazi hiyo tuliachie kanisa siku ya Jumapili?

Mama wa wawili

Dada mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nasi tulipita hapo hapo, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikihubiri dakika 40, nimetoka kazini nimechoka, na watoto wakinisikiliza kwa hofu. Tulipoipunguza ibada ikawa dakika 10 tu, yaani wimbo mmoja, aya chache, na maombi ambayo kila mtu hutaja jambo lake, ndipo tulipoanza kusikia yaliyomo mioyoni mwao. Jioni moja mwanetu wa kati alimwombea mwanafunzi anayemwonea, nasi hatukuwa na habari kwamba anaonewa.

Kuliachia kanisa sikushauri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu wakiwa nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka, na mimi nimeona kwamba mtoto husema mengi zaidi mkiwa mnatembea kwenda shule kuliko mkiwa mmekaa mezani mnatazamana.

Kuhusu lugha, someni aya kwa Kiswahili, kisha mkubwa aieleze kwa lugha anayoimudu. Kiswahili cha Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, chenye “uketipo” na “utembeapo”, humtatiza hata mtu mzima, kwa hiyo mtoto asipimwe imani yake kwa sarufi. Timotheo naye aliishi Listra, mbali na Yerusalemu, mama yake Myahudi na baba yake Myunani, lakini Paulo anaikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Kuhusu hasira ya shemeji, naandika kwa heshima kwa kuwa mimi pia ni baba: onyo la Waefeso 6:4 la kutowachokoza watoto limeelekezwa kwetu sisi akina baba kwa kutajwa. Nikimkaripia mtoto bila sababu, humwomba radhi mbele ya wenzake kabla ya maombi. Mara ya kwanza niliona nimejivunjia heshima. Siku hizi wao nao huombana radhi pasipo kusukumwa.

Huyo wa miaka 12 mpeni zamu ya kuongoza. Yesu alipokuwa na umri huo huo alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali, basi msiyaogope maswali yake.

Baba wa watatu

Kaka,

Asante sana. Jana mkubwa aliongoza, akauliza kwa nini Mungu aliruhusu Ayubu ateseke hali alikuwa mtu mwema. Baba yao alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba swali hilo humsumbua yeye pia. Hakuna aliyesinzia, na zile dakika 10 hazikutosha. Tumelala saa tano usiku.

Mama wa wawili