Santuri za Kim Carnes alizoacha mjomba: nianzie wapi, na mbona anaimba kama mzee wa kiume?

MpwaWaBaharia:
Habari za jioni wapenzi wa muziki. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Kila meli ikifunga Kilindini, yeye alishuka na santuri kwanza, zawadi za watu baadaye. Mamangu hajamsamehe mpaka leo. Juzi tulikuwa tukihamisha vitu vyake Tudor, nikavuta sanduku la mbao chini ya kitanda. Majalada mengi yameota ukungu, si mnaijua hewa yetu. Lakini zilikuwepo nne amezifunga pamoja kwa kipande cha kanga: Mistaken Identity ya 1981, Voyeur ya 1982 na santuri ndogo ya Bette Davis Eyes, zote za Kim Carnes, yule mwimbaji wa Marekani. Ya nne ni ya Kenny Rogers, yaitwa Gideon. Hiyo sijui ilifuata nini humo.

Nikaazima gramafoni kwa jirani, nikaweka ile ndogo kwanza. Wallahi nilistuka. Anaimba mwanamume, tena mzee aliyechoka, na ngoma zinajikokota kama mkokoteni wa maji unaopanda mlima Makupa. Mamangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kwani kuna msiba gani. Wimbo wenyewe naujua redioni, haukuwa hivi. Ni toleo jingine? Na huyu mama ana albamu gani nyingine za maana?

KahawaChungu:
Msiba gani! Nimecheka mpaka kahawa imenipalia. Mimi sina jibu, namngoja Mzee Sindano. Lakini mtu hafungi vitu vinne kwa kanga bila sababu.

MzeeSindano:
Mwanangu, pole kwa mjomba, Mungu amrehemu. Hakuna toleo jingine hapo. Karibu na mkono wa gramafoni tazama, pana kiswichi kimeandikwa 33 na 45. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na kidogo kwa dakika, hizo ndogo mara 45. Wewe umeichezesha ndogo kwa mwendo wa kubwa, ndiyo mama wa watu akageuka babu. Usione haya. Mimi nilipokuwa nikipiga santuri katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini nilifanya kosa lilo hilo, watalii wamejaa ukumbini, na ilipita karibu nusu dakika hakuna aliyegundua. Maana huyu mama hata ukimweka kwa mwendo wake, sauti ina mkwaruzo kama jahazi linaloburutwa mchangani. Wimbo ulipotoka wako waliodhani ni Rod Stewart, yule mwanamume wa Uingereza mwenye sauti ya mkwaruzo.

Sasa la albamu. Watu wanamjua kwa wimbo mmoja, na wimbo huo si yeye aliyeutunga. Ni wa Donna Weiss na Jackie DeShannon, na DeShannon alikuwa ameshaurekodi miaka ya sabini bila kelele yoyote. Wakati Kim Carnes anashika namba moja Marekani mwaka 1981, wiki tisa kwa jumla, alikuwa na umri wa miaka 35 na albamu kadhaa nyuma yake. Rest on Me ni ya 1971. Sailin' ya 1976. St. Vincent's Court ya 1979. Hizo hapa Mombasa mimi binafsi sikuwahi kuzitia machoni. Romance Dance ya 1980 niliipata kwa kanda, na humo mna More Love, wimbo wa Smokey Robinson alioufanya wake.

Lakini kwako wewe nasema anza na Gideon. Ndiyo, ya Kenny Rogers. Igeuze jalada utafute majina ya watunzi, yako kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Albamu nzima, kisa cha mchunga ng'ombe wa Texas, ameitunga Kim Carnes na mumewe Dave Ellingson. Watatu hao walijuana zamani, miaka ya sitini, katika kundi la New Christy Minstrels. Na katika ule wimbo wa wawili, Don't Fall in Love with a Dreamer, anayemjibu Kenny ni Kim mwenyewe.

Fikiria hilo. Nchi hii ilivyompenda Kenny Rogers, kila mwenye redio jioni alimsikia. Basi ni watu wangapi wamesikiliza maneno ya huyu mama miaka arubaini huku wakimpa sifa mwenye ndevu! Hata wimbo alioimba Kenny na Ronnie Milsap mwaka 1987, wa kugombea mwanamke mmoja, ni wa Kim. Mwanzo aliuimba yeye na Barbra Streisand, na aliyekuwa akigombewa ni mwanamume. Waume walipouchukua ikabidi geugeu kidogo tu ya maneno.

Mjomba wako alikuwa msomaji wa majalada. Namjua mtu wa namna hiyo hata kama sikuwahi kumwona.

BintiMakadara:
Shikamoo Mzee Sindano. Nakuheshimu lakini hapa nina neno. Waufanya ule wimbo mkubwa kama mtoto wa kuokota. Sisi wa taarab tangu lini tumemnyima mwimbaji haki yake kwa sababu shairi si lake? Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad, na alipozitia ile sauti yake ya moshi na miaka, ni nani aliyesimama kuuliza karatasi ya utunzi? Zilikuwa zake usiku ule.

Sikiliza ile ya kwanza ya DeShannon kisha hii ya 1981. Maneno ni yale yale, mwili mwingine kabisa. Bill Cuomo aliubadilisha mpangilio, akaweka ile sauti ya kinanda cha umeme inayoanza kabla mtu hajafungua mdomo, ambayo hata mtoto wa chekechea akisikia anageuka. Halafu ule mkwaruzo ukakaa juu yake. Tuzo za Grammy za 1982 zenyewe zilijua kugawa: ya utunzi walipewa Weiss na DeShannon, ya rekodi ya mwaka akapewa Kim na mtayarishaji Val Garay. Kila mtu na haki yake.

Kwa hivyo MpwaWaBaharia, wewe anza na Mistaken Identity, iliyokaa namba moja wiki nne. Voyeur mtayarishaji ni huyo huyo, vinanda vingi, mie hainikai sana. Ukipenda upande wa kantri, tafuta View from the House ya 1988, aliirekodi Nashville. Pale sauti haina mahali pa kujificha. Wala usisahau yumo katika We Are the World ya 1985, ile ya njaa ya Ethiopia. Kamstari kafupi, ukikohoa kamekupita.

MzeeSindano:
Marahaba mwanangu. La Bi Kidude umenipata, sina jibu. Lakini Voyeur usiitupe. Kuisikiliza kwenye simu ni jambo moja, kwenye spika kubwa usiku ni jingine.

MpwaWaBaharia:
Nimerudi. Kiswichi kilikuwa kwenye 33 kama mlivyosema, kimefunikwa na vumbi hata maandishi hayaonekani. Nikakisukuma. Safari hii mamangu hakuuliza msiba, alibaki mlangoni akitikisa kichwa mpaka mchuzi wa nazi ukakatika. Lawama napewa mimi.

Mzee, Gideon nimeigeuza. Majina yapo, na chini ya jina la Carnes mjomba amepiga mstari wa penseli, wimbo hadi wimbo, karibu kila mahali linapotokea. Mamangu anasema penseli hiyo alikuwa akiiweka sikioni kama fundi seremala. Sasa shida ni kwamba Gideon yenyewe inaruka, kama nyimbo mbili za upande wa pili hazisikiki kwa mikwaruzo, na nikiitazama kwenye mwanga naona mabaka meupe. Imekufa?

MzeeSindano:
Haijafa, hiyo ni kuvu. Chukua maji safi ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini kisichotoa manyoya. Futa ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, na karatasi ya pale kati isilowe hata kidogo. Suuza kwa maji yaliyokenekwa (distilled), maana ya mfereji yetu yana chumvi itakayobaki humo. Isimamishe kivulini ikauke. Ukiianika juani utakuja kuikuta imepinda kama chapati. Mabaka yakitoka na bado inaruka, basi kosa ni la sindano ya jirani. Usiendelee kuzikwangua kwa sindano butu, niandikie faraghani, ninayo moja ya akiba.

BintiMakadara:
Na ile kanga iliyofungia, jina lake lasemaje?

MpwaWaBaharia:
Imekatwa katikati. Limebaki neno moja tu, "wangu".