Mafuta ya samaki kwa mbwa mzee anayeumwa viungo, yanasaidia kweli au natupa hela?

jamaa_wa_goba
Wakuu habari za saa hizi. Nina German Shepherd wa miaka 10, anaitwa Bosi, tangu mwezi wa sita kibaridi kilivyoanza asubuhi kunyanyuka pale kibarazani ni mtihani, anaanza na miguu ya mbele halafu ya nyuma anaiburuza hatua tano sita ndo inachangamka. Zamani gari likipiga honi getini keshafika, siku hizi anapiga tu mkia kwenye sakafu. Daktari wa mifugo kamshika nyonga kasema viungo vimelika, nimpe mafuta ya samaki, kiasi hakusema na mimi sikuuliza. Nikanunua vidonge vya famasi vya watu, vile vya njano vya 1000mg, nampa kimoja kwa siku kwenye ugali wake, leo wiki ya tatu sioni tofauti. Uzito nakadiria kilo 38. Jirani ananiambia niachane na samaki nimpe diklofenaki yaishe. Mnasemaje?

kipanya_jioni
Mbwa anakula omega 3, mimi goti linalia kila nikipanda ngazi nakunywa tangawizi tu 😂 nafuatilia uzi

mfuga_majike
Mkuu diklofenaki usimpe kabisa, wala ibuprofen, kwa mbwa zinachimba vidonda tumboni na kuua figo. Kama maumivu yamezidi rudi kwa daktari kuna dawa za mbwa zenyewe kama carprofen na meloxicam.

Haya sasa mafuta. Geuza hilo kopo usome nyuma kwa maandishi madogo, 1000mg ni mafuta yote, kinachofanya kazi ni EPA na DHA, ndo omega 3 zenyewe, na mara nyingi utakuta 180 na 120, yani 300 tu. Kwa viungo madaktari wengi wanapandisha mpaka karibu mg 100 za hizo mbili kwa kila kilo ya mbwa. Piga hesabu, kilo 38 ni 3800, vidonge 12 mpaka 13 kwa siku! Kimoja chako ni sawa na kuchovya kidole baharini. Ila usikurupuke kesho ukamrushia 12, ataharisha uwanja mzima, anza na viwili vitatu upande taratibu kwa wiki kadhaa, na daktari ajue unafika wapi, hasa kama ana dawa nyingine au ana upasuaji maana mengi yanachelewesha damu kuganda. Ndo maana mimi nilihamia ya maji yaliyokolezwa, chupa inakaa kwenye friji, ikianza kunuka samaki aliyechacha mwaga. Na subira, wiki 6 mpaka 12. Marekani kuna utafiti ulitoka 2010, mbwa zaidi ya 100 waliokuwa kwenye carprofen, waliopewa omega 3 ya samaki dozi yao ya dawa ilishuka haraka kuliko wenzao. Kwa hiyo yanasaidia, ila kumrudishia ujana hapana.

dada_wa_tanga
Naongezea, angalia usije ukanunua kodi liva. Mimi nilifanya hilo kosa, nikaona si mafuta ya samaki tu, kumbe ni ya ini, yana vitamini A na D kibao, ukimpa kwa wingi huo zinajaa mwilini zinamdhuru. Yule daktari alinifokea mpaka nikaona aibu.

kijana_nyegezi
Dagaa je? Huku kwetu ndo chakula chao

mfuga_majike
Dagaa mpe, chakula kizuri, ila waoshe mchanga na chumvi vitoke. Ila kufikisha kiasi cha tiba kwa dagaa sidhani. Jamaa wa Goba, huyo mbwa ulimpima kweli au kilo 38 ni za macho? Kitambi kinaumiza nyonga kuliko chochote, na mafuta yenyewe yananenepesha. Na mtoe kwenye saruji, mtandikie hata godoro bovu.

jamaa_wa_goba
Nimerudi. Kopo ni 180 na 120 kama ulivyosema. Nimempeleka kwenye mzani wa jamaa wa mahindi, tumembeba watu wawili, KILO 44. Nikashangaa maana ugali wake napima mwenyewe. Kumuuliza mlinzi, kumbe kila asubuhi wanagawana chapati, yeye mbili Bosi mbili 🤦🏾