Mrejesho: yule fundi cherehani aliyetaka kurudi kusoma

Wapendwa, mwanzoni mwa mwaka niliwauliza kama mama wa watoto wawili aliyeishia darasa la saba anaweza kupata cheti cha kidato cha nne. Mkanielekeza QT, Mtihani wa Maarifa wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ambao ukifaulu unaruhusiwa kujisajili mtihani wa kidato cha nne. Nimeufanya Novemba!

Hesabu ndiyo ilinitoa jasho. Nilibandika kanuni za aljebra ukutani mbele ya cherehani, nashona sare za shule huku nakariri. Dada uliyesema nianze na Kiswahili na Baiolojia ili nipate moyo, Mungu akubariki sana.

Nikifaulu, mwakani najisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada naiweka kwenye kikoba tayari. Waliopita njia hii, Jiografia mliisomaje?